Kofia Isiyofungwa Utosi

Ninyi vijana mnaouza nguo za watoto, na ninyi mnaozinunua na kuzificha chini ya mchicha kwenye kikapu ili jirani asione, leo nipeni masikio. Nimeuza kofia za watoto wachanga katika gulio la Keza na magulio ya jirani kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa nimekaa nyumbani. Vidole vimekakamaa, na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, mtoto pekee katika kata hii ambaye sikumfumia kofia.

Aliyenichokoza hata nikaanza kusema ni Editha. Huyu ni binti wa Konsolata, jirani yangu hapa Keza. Ameolewa Runazi, upande wa Biharamulo, ambako yeye na mumewe wana duka dogo la sabuni, chumvi na vocha. Majuzi alikuja kumsalimia mama yake akiwa na ujauzito wa miezi saba, akapita na kwangu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naona umekuja na mgeni."

"Ego, ndiyo, Babu. Na mgeni mwenyewe ana haraka. Kliniki wameniambia huenda nikajifungua kabla ya siku zangu. Wamesema nijiandae na nguo za joto, hasa kofia."

Akanisogezea simu. Niliisogeza mpaka puani ndipo nikaona: kofia nyeupe yenye masikio ya dubu, macho mawili ya shanga, na kamba mbili ndefu za kufungia kidevuni. Chini yake pameandikwa maneno mengi.

"Wanasema ni sufu asilia, kondoo wake hawakupakwa dawa yoyote," akanisomea. "Niagize?"

"Hata kondoo wetu wa hapa ni asilia tangu walipozaliwa," nikamwambia. "Hebu wakate manyoya uone kama hutapata brashi ya viatu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nimepata baridi. Mtoto wa kabla ya siku, kofia inayosemwa ni sufu, na mama kutoka nyumba ileile. Nilikuwa nimeshapita njia hiyo mara moja, na Editha hakujua.

Nitawaeleza. Ila kwanza niwape ya kazi, maana wengine wenu mnasoma haya huku mteja amesimama mbele yenu.

Picha haina harufu wala haichomeki. Sikatai nguo za simuni, dunia imekwenda. Lakini muombe anayeuza akupe hata kipande cha uzi. Ukikipata, kipeleke kwenye moto. Sufu haipendi kuwaka. Inajikunja, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyafikicha yanakuwa vumbi. Pamba inawaka upesi na kunuka karatasi. Nailoni inayeyuka, na ikipoa inakuwa kidonge kigumu cheusi. Kipo kimoja ninachokitunza, mtakisikia.

Ukishajua ni sufu, isugue chini ya kidevu chako, kule ambako jua na jembe havijafika. Ikikuwasha wewe mtu mzima, usimvishe mtoto hivyohivyo. Shonea kwa ndani kipande cha kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka ikasahau maua yake. Kamba za kidevuni kata zote, mtoto hafungwi shingo kama mbuzi. Macho ya shanga ng'oa, maana siku moja yataingia mdomoni. Na mkishaingia ndani penye joto, mvueni. Nimewaona akina mama wanaomvisha mtoto kofia mbili karibu na mafiga, halafu wanauliza kwa nini analia na kutoka jasho. Mtoto naye ni mtu.

Kuhusu kuzifua, msiniulize nilijuaje. Haya, nitasema. Katekista mmoja aliniletea kofia ya mwanawe niiondoe doa la maziwa kabla ya ubatizo. Mimi kwa bidii yangu nikaichemsha kwenye sufuria na sabuni ya unga, nikaikoroga na mwiko. Ilipotoka ilikuwa imerudi ndogo, nene, ngumu, inalitosha yai la bata. Katekista aliigeuza mkononi akaniuliza kama nimepunguza na dhambi pia. Sufu ifue kwa maji ya vuguvugu, usiisugue wala kuikamua, ilaze juu ya taulo kivulini ikauke polepole.

Sasa turudi kwenye lile la baridi.

Nilipoanza biashara sikuwa mfumaji. Nilikuwa kijana wa mitumba, mdomo mrefu na turubai fupi. Nilinunua belo za nguo za watoto, nikamwaga chini, nikaimba bei. Kila kilichokuwa laini nilikiita sufu. Nani angenibishia? Wanawake wa hapa kwetu, kama mnavyojua, hawamnunulii nguo mtoto ambaye hajazaliwa. Anayekuja huitwa mgeni, na mgeni hatandikiwi kitanda kabla hajabisha hodi. Kwa hiyo walikuwa wanapita kwenye turubai langu wakishikashika kofia huku wakiniuliza kama nauza mabakuli. Mabakuli! Nilikuwa na kofia, soksi na fulana tu.

Konsolata alikuwa bado msichana tu, mimba ya kwanza. Alisimama, akashika kofia ya rangi ya maziwa, akairudisha. Akaishika tena. Nikamwambia chukua, ni sufu tupu ya Ulaya. Akasema kwa sauti ndogo, "Mgeni hajafika, kaka." Mimi, niliyelelewa na bibi yangu kwa mila hizohizo, nikamcheka mbele za watu. Nikamwambia hayo ni mambo ya wazee wasioona mbele, akizaliwa usiku wa mvua utamvika jani la mgomba? Akaona haya. Akainunua, akaificha kifuani.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, katikati ya mvua za masika. Alizaliwa nyumbani. Wanaume wa kitongoji walimlaza mama na mtoto kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani, wakashuka nao kwenye utelezi kuelekea zahanati. Mvua iliwapiga njia nzima. Mtoto alikuwa na kofia yangu kichwani. Aliishi siku mbili.

Gulio lililofuata nilimwona mama mkwe wa Konsolata akija. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyesema ovyo. Hakunisalimia. Alitoa kofia kwenye mkunjo wa kitenge chake, akaiweka juu ya nguo zangu. Ilikuwa bado mbichi kwa maji.

"Ulimwambia mkamwana wangu hii ni sufu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ilishika maji yote ya njiani. Tulipofika kichwa cha mtoto kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni." Akaisukuma kofia kwangu. "Na ulimnunulisha kabla mgeni hajafika."

Akaondoka. Wateja nao wakajitenga kidogo kidogo, nikabaki peke yangu na turubai.

Pembeni yangu alikuwa akikaa Bibi Sesilia. Huyu alikuwa mjane aliyevuka mpaka kuja upande huu wakati wa vita na mtoto mgongoni, na kitu kingine alichovuka nacho ni spoki mbili za baiskeli, zilizonolewa kwenye jiwe. Ndizo zilikuwa sindano zake za kufumia. Alinunua masweta ya wanaume yaliyochakaa viwiko, akayafumua, akafuma kofia. Siku zote nilimwona mshamba. Anafumua nguo nzima ili afume nguo ndogo!

Siku hiyo aliinuka, akaichukua ile kofia mbichi, akachomoa uzi mmoja, akaukamua, akaukausha kwa upepo wa mdomo wake. Akanivuta shati mpaka kwenye jiko la mama muuza chai. Akauweka uzi kwenye kaa. Haukujikunja. Uliyeyuka, ukanuka ndoo ya plastiki inayoungua. Ulipopoa alikichukua kile kidonge cheusi akaniwekea kiganjani.

"Hiki ndicho ulichomvisha mtoto," alisema.

Nililia pale penye jiko, mtu mzima na ndevu zangu. Baadaye muuguzi alisema mtoto alikuwa mdogo mno, kwamba siku zile na mvua ile huenda asingepona hata kwa kofia nzuri. Nimelishika neno hilo miaka yote hii. Halijanitosha. La mila sikuwa na jibu lake na sina mpaka leo. Lakini la sufu lilikuwa langu. Nilisema ninajua nami sikujua.

Nikamwomba Bibi Sesilia anifundishe. Alikataa mara mbili. Ya tatu akaniambia, "Kaa chini, na hiyo midomo yako ikae chini pia." Alinifundisha kwa kunichapa vidole na spoki. Nikikosea tanzi moja, spoki; nikikaza uzi, spoki. Wenzangu waliokuwa wakinywa pombe ya ndizi jirani na gulio walikuja kunitazama kama mtu anayetazama mbwa akipanda mti. Mimi Salvatori wakaniita Mama Salvatori. Jina hilo lilidumu mpaka wake zao wakaanza kujifungua, hapo wakaanza kuniita fundi.

Alinifundisha kuchagua sweta kwa mkono kabla ya jicho. Lile linalorudi lenyewe ukilifinya, linalonuka kondoo ukilipulizia pumzi, ndilo. Alinifundisha kufumua kuanzia shingoni, kuviringa uzi kwenye mgongo wa kiti, kuuosha, kisha kuuning'iniza na jiwe chini mpaka yale mawimbi yake yanyooke. Uzi usiponyooshwa, kofia inajikunja yenyewe na mtoto anaonekana amevaa uyoga.

Na alinifundisha jambo moja ambalo sijaliona kwa mfumaji mwingine yeyote. Bibi Sesilia hakufunga utosi wa kofia kabla mtoto hajazaliwa. Alifuma kuanzia ukingo unaokaa juu ya nyusi, akapanda mpaka karibu na kilele, hapo akaacha. Matanzi ya juu aliyapitisha kwenye uzi mmoja mrefu, akauacha ukining'inia. Kofia inabaki wazi juu na chini.

"Mbona humalizi, Bibi?" nilimuuliza.

"Yewe, kijana, hiki ni kofia?" Akapenyeza mkono wake kutoka chini, vidole vikachungulia juu. "Hiki si kitu bado, ni uzi tu uliokaa mviringo. Hakuna mzee atakayesema umemtandikia mgeni. Na tena kichwa umekipima wapi? Akija mkubwa, unafuma mistari miwili zaidi. Akija mdogo, unafumua miwili. Halafu unavuta uzi, unafunga fundo. Haichukui hata muda wa kuchemsha maji."

Mila na kipimo vilikaa pamoja katika kofia moja, wala hakuna kilichomdharau mwenzake. Mimi ningehitaji vitabu kumi kusema hivyo, yeye alisema kwa mkono wake.

Mwaka wa tatu Konsolata akawa mjamzito tena. Alikuwa akipita gulioni ananipa mgongo, anazunguka kwa wauza dagaa asipite kwangu. Sikumlaumu. Nikatafuta sweta kwenye belo tatu mpaka nikapata moja la kijani kibichi, zito, la mwanaume mnene sana, Mungu amweke huko aliko. Nikalichoma uzi, likanuka nywele. Nikalisugua kidevuni, likanyamaza. Nikafuma, nikafumua, nikafuma tena, mpaka Bibi Sesilia akasema, "Sasa acha, utaichosha."

Kumpa Konsolata mwenyewe nisingethubutu. Nilikwenda kwa mama mkwe wake. Nilimkuta anapepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha. "Marahaba," akasema mwishowe.

Nikamwekea kile cha kijani juu ya ungo. Alikigeuza. Akaingiza mkono chini, vidole vikatokea juu. Akaniangalia.

"Hii ni nini?"

"Ni uzi tu, mama. Bado si kitu. Ukitaka, uchome kipande kwanza."

Aliingia jikoni. Nilisimama pale uani, na sijawahi kusimama mahali kwa muda mrefu namna ile. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua ikitoka mlangoni. Alirudi amefikicha majivu kati ya vidole vyake, hakuna kidonge. Alikikunja kitu kile, akakichomeka katika mkunjo wa kitenge, palepale alipokuwa ametoa kofia mbichi siku ile. Nikamwonyesha uzi wa kuvuta, na jinsi ya kupima: vidole viwili juu ya nyusi, masikio yote ndani.

Mtoto wa pili naye hakungoja siku zake. Alikuja asubuhi ya ukungu, wiki tatu mapema. Safari hii walikuwa wameshamhamishia Konsolata karibu na zahanati, na muuguzi alimlaza mtoto kifua kwa kifua na mama yake, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja. Mimi sikujua lolote. Niliona tu, siku ya gulio, yule mwanamke mrefu akija katikati ya watu.

Akafika mbele yangu. "Nimeuvuta," alisema.

Basi. Akageuka akaenda zake. Bibi Sesilia alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele kabla mimi sijaelewa. Mtoto huyo aliitwa Editha.

Ndiyo maana majuzi, alipokaa mbele yangu na simu yake, nilimrudishia mkononi. Nilimwambia arudi kesho. Jioni hiyo nikaenda kwa Konsolata, ambaye sasa naye ana mvi, nikamwambia binti yako anataka kofia, nami siwezi kumfumia juu ya jambo asilolijua. Konsolata alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwambie wewe, Salvatori," akasema. "Mimi nimejaribu, sijaweza." Kisha akaingia ndani, akatoka na kofia ya kijani. Ilikuwa imevaliwa na Editha na wadogo zake wanne, nondo wameitoboa pembeni, rangi imechuja. Lakini niliipulizia pumzi ikanuka kondoo.

Kesho yake nilimwambia Editha yote. Nilifungua kopo langu la sindano nikamwekea kile kidonge cheusi kiganjani, kama nilivyowekewa mimi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa mvulana au msichana, Babu?"

"Mvulana."

Alikifunga kiganja chake, akakaa nacho. Nilingoja anitukane, na ningempa haki yake. Badala yake akaizima simu, akaiweka chini.

"Nifumie," alisema. "Ile ya dubu nitamwachia dubu."

Nimekifuma kwa wiki mbili kile ambacho zamani kilinichukua siku moja. Niliifumua kofia ya kijani, nikauosha uzi wake, nikauchanganya na sufu nyingine nyeupe iliyokuwa imebaki kwenye mfuko. Macho hayakunisaidia sana. Nilihesabu matanzi kwa kidole gumba, nikikosea namsikia Bibi Sesilia, aliyekwishalala siku nyingi, akinichapa na spoki. Nilipofika karibu na kilele nikaacha. Nikapitisha uzi mrefu kwenye matanzi ya juu, nikauacha ukining'inia.

Editha alipokuja kuichukua aliingiza mkono chini, vidole vyake vikachungulia juu, vikanipungia.

"Utakuja Biharamulo kuifunga, Babu?"

"Kwa macho haya? Nitafunga kidole cha daktari. Utavuta wewe mwenyewe."

Nikamfundisha. Tulitumia chungwa badala ya kichwa. Mara ya kwanza alivuta kwa nguvu mpaka utosi wa kofia ukapata mikunjo, nikamchapa kidole na spoki, kidogo tu, kwa heshima ya mwalimu wangu. Mara ya nne alipatia. Wiki hiyohiyo akapanda gari kwenda kukaa karibu na hospitali, kofia isiyo na utosi ikiwa kwenye mfuko wa gauni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikupata usingizi wa mchana.

Basi, vijana wangu, uzeni. Semeni hii ni pamba, hii nailoni, hii sijui. Neno sijui halijawahi kumfukuza mteja aliye na mtoto. Msimcheke mwanamke anayeogopa kununua kabla ya wakati, maana hamjui anakumbuka nini. Mpeni kitu ambacho hakijakamilika, amalizie yeye.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini leo asubuhi, nikiwa na kikombe cha uji, mke wangu akaniletea simu sikioni. Kulikuwa na kelele za wodi, na karibu kabisa na simu kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kulia kwa mara ya kwanza na bado hajajua vizuri.

"Babu," Editha akasema. "Nimeuvuta."

Niliweka kikombe chini. Nikajikaza kama fundi.

"Juu ya nyusi ni vidole vingapi?"

"Viwili, Babu," akasema, naye analia. "Viwili vyangu. Vyako vingemfunika uso wote."